Kideri Kilipovaa Gambuti Zangu

Mwaka ule tulikula kuku Jumanne. Mkiniuliza ulikuwa mwaka wa elfu mbili na ngapi, nitawaambia mwende kwa chifu mkatazame kalenda zake za zamani, maana mimi tarehe sikuwahi kuzifuga. Ninachojua ni kwamba huku Mukurweini kuku huliwa Krismasi, au mkwe akija, au mama akijifungua. Mwaka ule tulimla Jumanne, tukamla Jumatano ndani ya githeri ya mahindi na maharagwe, na Alhamisi asubuhi akaliwa kwa chai na nduma. Ijumaa watoto wa jirani walikuwa wanalia wakitaka sukuma wiki. Ukisikia mtoto wa huku anasukuma paja la kuku anaomba mboga, usidhani kijiji kimetajirika. Kideri, tauni ya kuku, kimeingia, na watu wanachinja kila kuku anayeinamisha kichwa kabla hajafa mwenyewe.

Ninyi vijana mnaochanja kuku siku hizi kwa bodaboda, kasha la barafu limefungwa nyuma kama abiria, mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Sijasahau kitu. Miaka ishirini na nane nimechanja kuku kwa miguu, mteremko na mlima, shamba la kahawa hadi shamba la ndizi, mpaka magoti yakasema basi. Shule yangu ni darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Lakini hakuna mama kutoka hapa hadi Gakindu ambaye sijamshikia kuku wake. Hamnitishi na vyeti vyenu.

Kuna sababu nyingine ya kuandika wiki hii, na afadhali muijue mapema. Mjukuu wangu Nyawira anafuga kuku mia mbili na kumi hapa hapa bomani kwangu. Amemwahidi wote mtu wa Nanyuki anayepelekea hoteli kuku. Kideri kimewaingia. Anataka mimi niwachanje, halafu wapakiwe waende. Tangu jana haongei nami. Anaongea na sufuria, na sufuria zinamjibu kwa kelele. Nitafika huko. Kwanza sikilizeni kazi.

Aliyenifundisha aliitwa Mzee Gathogo, msaidizi wa daktari wa mifugo, mtu mwembamba aliyebeba mwavuli hata wakati wa kiangazi. Alikuja kijijini kutafuta mwanamke wa kusaidia kuchanja, kwa sababu kuku ni mali ya wanawake, na mwanamume mgeni akiingia boma la mtu alfajiri ati anashika kuku, kuna maswali. Nilichaguliwa kwa sababu sikuwa na haya. Nikamwambia sijasoma. Akasema kuku hawaulizi cheti.

Kazi yenyewe ni hivi. Mchanje kuku asubuhi mapema kabla hajafunguliwa, vinginevyo utamaliza siku ukimkimbiza ndani ya kahawa. Mweke kwapani, bawa limebanwa, mkono mmoja ugeuze kichwa jicho litazame juu. Tone moja kwenye jicho. Halafu mngoje apepese. Akipepesa, imeingia. Nawaona vijana wengi mnatoa tone na papo hapo mnamrusha kuku kama mpira. Lile tone linaishia kwenye vumbi, na vumbi haliugui kideri.

Sasa kosa langu la kwanza, na mkicheka mcheke, nimeshazoea. Chupa ya chanjo ni ndogo, unaifunika kwa ngumi. Ndani kuna unga kidogo uliokaushwa, unauchanganya na maji yake. Sisi wanawake wa huku, kitu cha thamani tunakiweka wapi? Kifuani, kimefungwa kwa leso. Pesa ya kanisa hukaa huko, kitambulisho huko, funguo huko. Basi na mimi nikaiweka chanjo huko. Nilitembea nayo kutoka Mukurweini hadi Gakindu, jua likiwaka, mlima juu mlima chini, nikafika nimelowa jasho, chanjo ikiwa salama kabisa haijavunjika. Nikachanja kuku themanini. Nilijiona daktari.

Wiki chache baadaye kideri kikapita, na wale themanini wangu kikawabeba sawasawa na wasiochanjwa. Mzee Gathogo akaja na mwavuli wake.

"Mama Maina, chupa uliibeba vipi?"

"Vizuri."

"Vizuri wapi?"

Nikajishika kifuani. Yeye akaanza kutazama mwavuli kama mtu anayeuona leo kwa mara ya kwanza. Alikuwa mtu wa kanisa.

"Na huko mahali," akasema, "kuna joto?"

"Mzee, mimi si maiti. Lazima kuwe na joto."

"Basi uliwachanja na supu."

Siku hiyo, chini ya mgomba wangu, ndipo nilipouliza swali ambalo lilinifanya niipende kazi hii. Nilimuuliza: kwani ndani ya chupa kuna nini kinachokufa? Akaniambia ndani kuna kideri chenyewe. Nikataka kumfukuza. Siku ile yote nilikuwa natembea na kideri kifuani? Akasema ndiyo, lakini ni kideri kilichofanywa kinyonge. Kinaweza kuingia kwa kuku, kionekane, lakini hakina nguvu ya kuua. Na hii ya tone la jicho lazima ifike ikiwa nzima. Ikipata joto, au ukiichanganya na maji ya bomba yaliyotiwa dawa ya kuua vijidudu, inakuwa maji tu. Unampa kuku tone la bure.

Tangu siku hiyo nilikata kipande cha shina la mgomba, nikatoboa katikati, chupa ikalala humo ndani, kitambaa kilicholowa juu yake, vyote ndani ya kiondo. Kwenye duka la soda pale Gakindu nikafanya urafiki na mwenye friji, akawa ananigandishia maji. Ninyi mna kasha. Lakini nimewaona mkiliacha juani mkinywa chai kibandani. Kasha lisilo na barafu ni kifua changu tu, kimenunuliwa dukani.

Nilimuuliza pia hicho kideri cha ndani ya chupa, ambacho yeye alikiita kirusi, kinafananaje. Nilifikiri ni kama kupe, au kama chawa wa kuku ila mdogo zaidi. Mzee Gathogo akakataa.

"Kupe anakula. Chawa anakula. Kirusi hakili, hakinywi, hakinyi, hakipumui."

"Basi kinaishi vipi?"

"Hakiishi. Kinangoja."

Nikamwambia hiyo ni lugha ya mhubiri, anieleze kama mtu wa kuchuma kahawa. Akafikiri, akala ndizi yangu moja, akaniambia hivi. Mwili wa kuku, na wako pia, umejengwa kwa vyumba vidogo sana ambavyo jicho halivioni, vinaitwa seli. Kila seli ni kama kiwanda cha kahawa kule chini mtoni. Kuna mashine, kuna wafanyakazi, kuna stoo, kila kitu. Kirusi si kiwanda wala si mfanyakazi. Kirusi ni karatasi moja iliyoandikwa amri, imefungwa ndani ya bahasha. Ukiiacha mezani haifanyi lolote. Lakini ile bahasha ina ufunguo kwa nje, na ufunguo huo unafungua mlango wa kiwanda fulani. Ikiingia, ile karatasi inafika kwa wafanyakazi, na karatasi inasema: acheni kahawa, tengenezeni karatasi kama mimi. Na wao, wajinga, wanatii. Mashine zinazunguka, kahawa inaoza kwenye matangi, na zinatoka karatasi mia, elfu, kila moja na bahasha yake, mpaka kiwanda kinavunjika kuta. Zinatoka hapo zinatafuta viwanda vya jirani.

Nilielewa papo hapo. Nimechuma kahawa tangu utoto, najua kiwanda kikisimama siku moja wakati wa mavuno ni balaa gani.

Kutoka hapo nikaanza kumsoma kuku kama mnavyosoma simu. Kuku anafungua mdomo anavuta hewa kwa shida: viwanda vinavyovunjika ni vya njia ya pumzi. Anahara kijani: ni vya utumbo. Shingo imepinda kama ya mtu anayetafuta ndege angani, bawa limelala, mguu mmoja unakokotwa: kimefika kwenye ubongo na mishipa ya fahamu, huyo mwambie kwaheri. Ugonjwa ni mmoja, inategemea tu ni viwanda gani vimevunjwa. Na ule unyonge, manyoya yamesimama, joto limepanda, huo si kirusi peke yake. Ni mwili wenyewe unapigana. Hata wewe ukiwa na homa ya mafua, yale maumivu ya mifupa ni askari wako wanarusha mawe.

Watu waliniuliza sana, mbona basi binadamu hatufi kwa kideri? Ni ule ufunguo. Kila kirusi kina mlango wake. Cha kuku kinatafuta mlango wa kuku, kikija kwako kinagonga kidogo kinaondoka. Mimi kilinigonga. Nilijifuta jicho na mkono niliokuwa nachanjia, jicho likawa jekundu kama nyanya kwa siku tatu, wakasema kanisani nimeanza kunywa. Likapona lenyewe. Lakini msijivune. Kirusi kinanakiliwa kwa haraka, na anayenakili kwa haraka hukosea. Mwalimu akiandika ubaoni na watoto hamsini wanakili, daftari moja litakuwa na kitu kingine kabisa. Mara nyingi kosa hilo ni takataka. Mara moja moja ndilo linalotengeneza ufunguo mpya. Ndiyo maana ukisikia kuku wanakufa kwa wingi, nawa mikono, usimbusu kuku, na usidhani unajua kila kitu.

Kuhusu dawa, hapa nilitukanwa sana. Mama wa watu kuku wake wanakufa, ameenda agroveti, duka la dawa za mifugo, amenunua dawa ile ya njano ya kutia kwenye maji, anakuja kuniringia ati yeye hangoji chanjo. Nikamuuliza hiyo dawa inaua nini. Akasema vijidudu. Ndiyo, inaua bakteria, kwa sababu bakteria ana nyumba yake mwenyewe, ana jiko lake, dawa inabomoa nyumba au inaziba jiko. Kirusi hakina nyumba wala jiko. Kimeketi ndani ya nyumba ya kuku na kinapika kwenye jiko la kuku. Utabomoa nini? Wengine waliweka pilipili, wengine shubiri, mmoja aliweka majivu na chumvi na akamwombea kila kuku kwa jina. Hakuna dawa ya kideri. Kuna kutangulia tu. Chanjo inawaonyesha askari wa mwili sura ya mwizi akiwa amefungwa mikono, mchana kweupe, kama anavyozungushwa sokoni. Akija siku nyingine na panga, wanamjua. Lakini kumjua kunachukua siku. Hesabu wiki mbili. Ukichanja leo, leo hujakinga.

Hili la wiki mbili nililipia, na nililipia kwa kuku wa wifi yangu Muthoni, dada ya marehemu mume wangu.

Ni mwaka ule ule wa kuku Jumanne. Ninyi hamjui, siku hizi kila mtu anafunga lango lake, lakini zamani ukichinja hukuli peke yako. Unamtumia jirani bakuli. Basi kila boma lililochinja lilituma bakuli kwa boma lingine, na mtoto aliyebeba bakuli alikanyaga mavi ya kuku kwake akaja kuyapangusa kwenu. Manyoya yakatupwa kwenye shina la ndizi, matumbo wakapewa mbwa, mbwa wakazunguka nayo kijiji kizima. Nyama iliyopikwa haikumdhuru mtu. Ukarimu wetu ndio uliotembeza kideri, nyumba kwa nyumba, kwa adabu kabisa.

Mimi nilikuwa katikati ya hayo yote. Muthoni alikuwa na kuku mia na zaidi, hakuna hata mmoja aliyeinama. Alinipigia simu akasema, "Mke wa kaka, njoo unichanjie hawa wangu kabla hakijafika." Nilikuwa boma la jirani mwenye kuku wagonjwa, nasaidia kuchinja. Nikanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nikavua aproni. Nikatia chanjo kwenye kiondo, nikaenda.

Gambuti, zile buti zangu za mpira, sikuvua. Zilikuwa na matope, na nani anaosha gambuti wakati wa mvua? Kesho zitakuwa na matope tena. Niliingia nazo kwenye banda la Muthoni, nikazunguka kila pembe, nikamshika kila kuku, nikamtia tone jichoni kwa upole. Chanjo yangu ilikuwa baridi, nzuri, nzima. Na chini ya kisigino changu kilikuwa kimepanda kideri chenye nguvu zake zote, kikashuka pale kama mgeni aliyealikwa.

Siku ya sita kuku wa Muthoni wakaanza kufungua midomo. Chanjo ilihitaji wiki mbili, kideri kilihitaji siku sita. Mnajua kuhesabu. Kijiji kikasema Mama Maina ameua kuku wa wifi yake kwa sindano, na mimi sijawahi kutumia sindano.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna aliyejua habari ya gambuti ila mimi na Mzee Gathogo niliyemweleza, na yeye hangesema. Nilikaa siku mbili. Siku ya tatu nikaenda.

Muthoni alikuwa anapepeta maharagwe. Hakuinuka.

"Muthoni, chanjo haikuua kuku wako."

"Ndiyo. Umekuja kuitetea dawa yako."

"Ni mimi. Nilikuja na gambuti kutoka kwa wagonjwa. Nilikileta kwa miguu yangu."

Akapepeta. Maharagwe yakaruka yakarudi.

"Nilijua," akasema. "Niliona manyoya kwenye soli ulipokuwa unatoka. Nilikuwa nangoja nione kama utakuja kusema."

"Nimekuja."

"Umechelewa siku mbili. Kaa chini ule."

"Ni nini?"

"Unafikiri ni nini? Ni kuku. Katika nyumba hii hakuna kitu kingine."

Nikala. Sikuwahi kula nyama ngumu kumeza kama ile, na ilikuwa imeiva vizuri.

Mwaka mzima hakuna aliyeniita kuchanja isipokuwa Muthoni huyo huyo, alipopata vifaranga wapya. Alinivulisha gambuti langoni mbele ya watu, akanimwagia maji ya sabuni miguuni kwa ndoo, akanipa ndara zake. Watu waliona. Baada ya hapo kila mama akaniwekea ndoo ya sabuni langoni. Walidhani wananiaibisha. Mimi ndiye niliyekuwa natafuta hiyo ndoo.

Kwa nini sabuni? Ile bahasha ya kideri imepakwa mafuta. Mnajua kuosha sufuria ya supu ya mbuzi kwa maji matupu: mafuta yanakutazama tu. Tia sabuni, yanaachia. Bahasha ikiachia, karatasi inamwagika nje, haina ufunguo, ni takataka. Ndiyo maana Korona ilipokuja na kila duka la Nyeri likaweka ndoo mlangoni, mimi sikufundishwa na redio. Kirusi chake nacho kina koti la mafuta. Nilikuwa nacheka kuona wanaume wakubwa wanafundishwa kunawa katikati ya vidole. Lakini msifikiri kila kirusi kina koti. Kuna visivyo na koti, hivyo ni vigumu kufa. Uliza kwanza unapigana na nani.

Basi shikeni haya hata mkisahau mengine. Nenda kwanza kwa kuku wazima, kwa wagonjwa uende mwisho, na ukishafika kwa wagonjwa siku yako imeisha, rudi nyumbani. Soli ya kiatu piga brashi kabla ya sabuni, maana sabuni haipiti kwenye matope. Kuku mpya kutoka sokoni akae peke yake wiki mbili, hata kama ameuzwa na mchungaji. Aliyekufa azikwe shimo refu, mbwa asimfikie. Na aliyekwisha kuugua, chanjo haimsaidii. Kiwanda kimeshatekwa, unamwonyesha askari picha ya mwizi wakati mwizi yuko kitandani amelala. Akifa, watasema chanjo ndiyo iliyomuua, na boma kumi zinazofuata zitakufungia mlango. Huko ndiko kuku wengi hufia, kwenye hizo boma kumi.

Sasa Nyawira.

Huyu ni binti wa kwanza wa mwanangu Maina, na kwetu binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako. Mimi ni Nyawira, yeye ni Nyawira. Nyanya, au cucu kwa lugha yetu, humwita mjukuu kama huyo rika lake, wanataniana kama wasichana wawili. Aliacha kazi ya duka Nyeri akaja kufuga kwangu. Anaamka kabla yangu. Anajua bei ya chakula cha kuku kuliko kuhani anavyojua zaburi. Nilijivuna naye, na najivuna hata leo, mjue hivyo.

Chanjo ya pili, ile ya kurudia ili kinga isififie, aliiahirisha mara mbili kwa sababu ya haraka. Kisha mtu wa Nanyuki akataka mia mbili na kumi, yeye alikuwa na mia moja na themanini, akaenda soko la Gakindu akanunua thelathini. Akawachanganya siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa nimelazwa kliniki na magoti yangu. Nilirudi siku ya tatu nikasikia banda linakoroma.

Jana mtu wa Nanyuki alikuja na pikapu na kreti. Kijana mzuri, ana heshima, alinisalimia kwa mikono miwili. Nilikuwa nimeweka kiti langoni.

"Cucu, nasikia kuna shida kidogo."

"Iko. Wanne wameinama."

"Wanne kati ya mia mbili? Hiyo si shida. Tupatie hao wengine, uwawekee ile dawa yako wakae sawa njiani. Hoteli inachinja leo leo. Mzungu hatajua."

"Mzungu hatakufa. Simfikirii mzungu."

"Sasa?"

"Hao wengine walimeza kideri siku nne zilizopita, ila hawajaanza kukohoa. Utawapanga kwenye kreti mmoja juu ya kichwa cha mwingine. Utapita Nyeri, Kiganjo, Naro Moru, mavi na manyoya yakidondoka. Na hizo kreti kesho zinaenda wapi?"

Akajikuna shingo. "Naro Moru. Kuna mama ana kuku mia tatu."

"Umemjibu nani sasa? Umejijibu mwenyewe."

"Cucu, niko na oda. Nitarudi kesho saa sita. Ongea na huyu msichana. Ama nipigie daktari mwingine?"

"Piga. Lakini mimi nikiwa hapa, kuku mgonjwa simchanji, na kwa lango hili hatoki."

Alicheka kidogo, kama mtu anayengoja mwenzake naye acheke. Sikucheka. Akaondoka na kreti zake tupu, na nikamlazimisha apite kwenye maji ya sabuni, yeye na magurudumu yake.

Leo asubuhi wamekuwa kumi na saba walioinama. Nilipofika hapa kwenye kuandika, sufuria zimenyamaza. Nyawira ametoka jikoni, ameketi kwenye ngazi, mgongo wake kwangu.

"Cucu, wale ambao hawajainama nimewahesabu," anasema. "Mia moja na tisini na tatu. Nimewatenga. Wamekula leo."

"Najua. Nimewaona."

"Wakifa hapa wote, sina kitu. Nitarudi kwa lile duka niambiwe tulikuambia. Huyo mtu hatanipigia tena."

"Hatapiga."

"Basi chanja hao mia moja na tisini na tatu. Hao tu. Wako wazima."

"Wamelala banda moja na wenzao siku tano, mwanangu. Si wazima. Bado hawajajua."

Simu yake inatetemeka kwenye ngazi. Ni yeye, wa Nanyuki. Ni saa sita kasoro. Nyawira anaitazama, haishiki, halafu anageuka kunitazama kwa uso ambao najua, kwa sababu ni wangu. Hapigi kelele. Sauti yake imekuwa ndogo.

"Cucu, mimi si ni wewe? Si ulinipa jina lako? Kama hao kuku wangekuwa wako wewe mwenyewe, ungejifanyia hivi?"

Nimeweka kalamu chini, nimemshika mkono, nimemwambia kama nilivyomwambia yule wa pikapu, sikuongeza wala sikupunguza:

"Mimi nikiwa hapa, kuku mgonjwa simchanji, na kwa lango hili hatoki."